Upanga wa Ratili 25: Chimbuko la Uhalisia wa Silaha katika Michezo ya Fantasia

Mjadala wa uhalisia katika uhakiki umejikita zaidi katika riwaya na tamthilia. Insha hii inaupeleka katika utanzu ambao haujashughulikiwa sana: michezo ya fantasia ya mezani, ambamo wachezaji hubuni wahusika, huongozwa na msimulizi mmoja, na huamua matokeo ya mapigano kwa kurusha dadu. Tangu mwanzo wapenzi wa michezo hii wamebishana kuhusu ukweli wa silaha na deraya zake. Inadaiwa hapa kwamba ukweli huo ulirithiwa kutoka vitabuni, na kwamba makosa yake ni makosa ya matini.

Mnamo 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walichapisha nchini Marekani Chainmail, kanuni za vita vya vinyago vya Enzi za Kati. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo uliotambua deraya za aina tatu tu: ya ngozi, ya vikuku vya chuma na ya mabamba. Kufikia Players Handbook ya 1978, orodha ilikuwa imerefuka. Miongoni mwa zilizoongezwa ni ngozi yenye njumu, deraya ya pete na deraya ya mikanda.

Aina hizi zina historia yake. Mwaka 1824 Mwingereza Samuel Rush Meyrick alichapisha utafiti mkubwa kuhusu deraya za kale. Wasanii wa Enzi za Kati walikuwa na mbinu nyingi za kuchora vikuku vilivyofumwa: wengine walichora duara, wengine mistari. Meyrick alichukulia kila mtindo wa uchoraji kuwa aina mbalimbali ya vazi. Hivyo kaida ya kisanaa ikageuzwa kuwa kifaa cha vita. Mwaka 1958 Claude Blair aliukataa uainishaji huo katika European Armour. Hata hivyo, miaka 20 baadaye mchezo bado uliufuata. Ngozi ya njumu nayo yaelekea ilitokana na kuzitazama kwa nje tu fulana ambazo vichwa vya ribiti vilionekana juu ya kitambaa, ilhali mabamba ya chuma yalifichwa ndani.

Uzito nao ulitiwa chumvi. Katika kitabu cha 1978 mizigo ilipimwa kwa sarafu za dhahabu, 10 kwa ratili, na upanga wa mikono miwili ulipewa sarafu 250, yaani ratili 25, zaidi ya kilo 11. Panga halisi za aina hiyo zilizokusudiwa vita kwa kawaida zina kilo 2 hadi 3 na ushei.

Si wote waliofuata njia hiyo. Steve Perrin, mwandishi mkuu wa RuneQuest (1978), alikuwa mwanachama wa awali wa Society for Creative Anachronism, chama kilichoanzishwa Berkeley mwaka 1966, ambacho wanachama wake hupigana kwa silaha za kuigiza. Katika mchezo wake deraya hupunguza jeraha la kiungo kilichopigwa. Katika ule wa Gygax deraya humfanya mtu awe mgumu kupatikana na pigo. Tajriba ya mwili ilizaa kanuni tofauti na zile za maktaba.

Roland Barthes alieleza mwaka 1968 jinsi maelezo madogo yasiyoendeleza kisa yanavyoifanya kazi ya sanaa ionekane ya kweli. Orodha ya deraya hufanya kazi hiyo hiyo: wingi wa majina humfanya msomaji aamini. Toleo la 2014 liliupunguza upanga mkubwa hadi ratili 6 na halikuwa na deraya ya mikanda, lakini ngozi ya njumu ilikuwamo. Tarakimu husahihishwa kwa mizani. Jina lililokwisha kuzoeleka halina mizani. Ndiyo maana mhakiki wa fantasia hana budi, kabla ya kuuliza iwapo jambo ni la kweli, kuuliza ni matini gani iliyolifanya lionekane hivyo.