Soko la Krismasi la Nürnberg na umri wake wa kweli

Katika Germanisches Nationalmuseum, makumbusho makubwa ya jiji la Nürnberg nchini Ujerumani, kuna kisanduku cha mbao chenye umbo la yai, kimepakwa rangi, na urefu wake haufiki sentimita 20. Chini yake kuna maandishi yanayosema kwamba mwanamke mmoja wa ukoo wa Harsdörffer alipelekewa zawadi hii kutoka soko la Mtoto Yesu mwaka 1628. Huo ndio ushahidi wa zamani zaidi wa soko ambalo sasa huvuta wageni wapatao milioni mbili kila msimu. Miaka 400 ya maandishi hayo itatimia mwaka 2028, na bila shaka maneno “mila ya kale” yatatiririka kama mvinyo wa moto. Mgeni anayeshuka stesheni kuu, akafuata mtaa wa Königstraße na kuvuka mto Pegnitz hadi uwanja wa Hauptmarkt, huamini kwamba yote anayoyaona pale yana umri wa kisanduku kile. Ukweli ni kwamba biashara ndiyo kongwe. Sherehe inayoipamba ni ya juzi tu, na walioianzisha si watu wa kujivunia.

Kuhusu biashara hakuna ubishi. Nürnberg iliyafuata mageuzi ya kidini ya Martin Luther mwaka 1525, na Luther alitaka watoto wapokee zawadi zao Krismasi, kutoka kwa Mtoto Yesu, badala ya kuzipokea siku ya Mtakatifu Nikolaus. Wenye vibanda walipata wateja. Orodha ya mwaka 1737 inaonyesha watu wapatao 140 wenye ruhusa ya kuuza, na karibu kila fundi wa mji alikuwamo. Bidhaa zenyewe bado zinajulikana: malaika wa shaba ya manjano nyembamba inayong'aa, vikaragosi vya plamu kavu, na keki za Lebkuchen zenye asali, mdalasini na karafuu (za visiwa vya Maluku enzi hizo, maana Zanzibar ilikuwa bado haijapanda hata mche mmoja). Lakini mila hii inayodaiwa kutotikisika ilidharauliwa na wenyewe. Mwaka 1898 soko liliondolewa Hauptmarkt, likawa la kuhamishwahamishwa, na mji ukaendelea na shughuli zake.

Uliolirudisha katikati ya mji ni utawala wa Nazi. Mwaka 1933 Meya Willy Liebel, mwanachama wa chama cha Hitler, alitaka Nürnberg ionekane kuwa hazina ya taifa zima la Wajerumani. Mji ulikuwa tayari mwenyeji wa mikutano mikuu ya chama, na majira ya baridi nayo yalihitaji onyesho lake. Soko likarejeshwa Hauptmarkt, uwanja ambao mwaka huohuo ulipewa jina la Adolf Hitler. Ikatungwa sherehe ya ufunguzi: kwaya, kengele, na msichana aliyevaa kama Christkind, Mtoto Yesu wa Kijerumani, akizungumza kutoka roshani ya kanisa la Frauenkirche. Kanisa hilo lenyewe lilijengwa mahali palipokuwa na sinagogi, baada ya Wayahudi wasiopungua 562 wa mji huo kuuawa mwaka 1349. Na miaka miwili baada ya onyesho lile la roshani, sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilitangazwa katika mji huohuo. Waliopanga sherehe walijua kazi yao: walichukua soko lililochakaa, wakalivika ukale, na ukale huo ukawatumikia.

Watetezi wa sherehe wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba Christkind alikuwepo karne nyingi kabla ya Nazi. Ni kweli, lakini alikuwepo katika imani na masimulizi ya nyumbani. Kazi ya kufungua soko kutoka roshani alipewa 1933. Hoja ya pili ina uzito zaidi. Vita vililifunga soko, na lilipofunguliwa tena mwaka 1948 katikati ya magofu, Friedrich Bröger aliandika utangulizi mpya wa kutamkwa na Christkind. Baba yake, mshairi wa wafanyakazi Karl Bröger, alifungwa katika kambi ya Dachau mwaka uleule wa 1933. Kwa hiyo mtu anaweza kusema sherehe ya leo ni ya Bröger, si ya Liebel. Nakubali kwamba maneno yalisafishwa. Lakini roshani, msichana na saa ya jioni vilibaki palepale, na mji uliovihifadhi unapaswa kusema vilitoka wapi.

Kunyamazia jambo hili kuna gharama, na ilionekana mwaka 2019. Tangu 1969 Christkind huchaguliwa kila baada ya miaka miwili kutoka kwa wasichana wa miaka 16 hadi 19. Masharti yanataka urefu wa angalau sentimita 160 na mtu asiyeogopa kusimama juu. Mwaka 2019 alichaguliwa Benigna Munsi, mzaliwa wa Nürnberg ambaye baba yake ana asili ya India. Tawi moja la AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, tena la upande wa Munich, liliandika kwenye mtandao kwamba Wajerumani watakuja kupatwa na yaliyowapata wenyeji wa asili wa Marekani. Lawama zilimiminika, ujumbe ukafutwa, chama kikaomba radhi, na Munsi akapanda roshani akafungua soko. Wengi walimtetea kwa utu, na walifanya vema. Wachache walitumia jibu la historia, ambalo lingeifunga kesi mapema: nafasi aliyodaiwa kuinajisi ilikuwa na umri wa miaka 86 tu, na walioianzisha ndio hasa waliotaka kuamua nani ni Mjerumani wa kweli. Kisanduku cha 1628 kikitolewa kuonyeshwa kwa sherehe za miaka 400, picha za Desemba 1933 zinastahili kuwekwa kwenye meza hiyohiyo.