Mwili wa Rubani katika Anga ya Usukuma

Mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza unapita karibu na Malampaka, mji wa reli, pamba na mpunga wilayani Maswa, Mkoa wa Simiyu. Ndege ya jeti inayotoka pwani ikifika hapo imebakiza kilomita zipatazo 100, na kwa kawaida imekwisha kuanza kushuka kutoka kimo cha futi 30,000 na zaidi kuelekea Uwanja wa Mwanza, ulioko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari. Katika dakika hizo masikio ya rubani yanasawazisha mgandamizo wa hewa, macho yanahama kutoka kwenye vipimo kwenda nje na kurudi, na akili inapima kasi, umbali na mawingu ya ziwani kwa pamoja. Mwenye mafua makali haruhusiwi kurusha ndege, kwa sababu mrija unaounganisha koo na sikio la kati ukiziba, maumivu wakati wa kushuka yanaweza kumshinda. Kila kanuni ya aina hii ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa katika anga ya Kanda ya Ziwa na Afrika Mashariki.

Usafiri wa anga wa ratiba ulifika ziwani mapema. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Uingereza, Imperial Airways, lilianzisha safari ya barua kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Reli ya Tabora–Mwanza, inayopita Malampaka, ilikuwa imekamilika miaka mitatu tu kabla ya hapo. Kipande cha kusini cha safari kilirushwa na ndege za majini aina ya Short Calcutta, ambazo marubani wake walikaa katika chumba kisicho na paa. Zilipaa chini, kwa hiyo oksijeni haikuwa tatizo. Kilichowachosha ni upepo usoni, jua la ikweta na ngurumo za injini tatu. Malaria nayo ilikuwa adui, na kwinini, dawa yake ya wakati huo, iliweza kuleta mlio masikioni na kuvuruga macho. Hadi leo dawa inayomtibu abiria vizuri inaweza kuwa marufuku kwa rubani. Meflokwini, inayoweza kuleta kizunguzungu na kuvuruga akili, ni mojawapo.

Hatari kubwa zaidi ya miaka ile ilikuwa ndani ya sikio. Mifereji mitatu ya sikio la ndani humjulisha mtu kwamba mwili unageuka, lakini mgeuko ukiwa wa polepole sana haiuhisi kabisa, na mgeuko ukidumu huacha kuutangaza. Mchana, macho yanasahihisha kosa hilo kwa kuangalia upeo wa macho. Ndani ya wingu, au usiku juu ya ziwa lisilo na taa, hakuna cha kusahihisha. Rubani wa jeshi la Marekani, William Ocker, alilithibitisha hilo katika miaka ya 1920 kwa kiti kinachozunguka, na tarehe 24 Septemba 1929 mwenzake Jimmy Doolittle alipaa na kutua kwa kutazama vipimo peke yake. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwaweka marubani 20 wasiozoea vipimo katika hali ya kutoona nje. Wote walipoteza udhibiti wa ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hawakuwa wazembe. Walifuata hisia za miili yao, na miili hiyo iliwapa habari za uongo.

Shirika la East African Airways lilianza Januari 1946. Kwa miaka mingi liliruka kwa ndege zisizo na mgandamizo wa hewa ndani, zilizolazimika kubaki chini kwenye mawingu na milima, zikiwemo DC-3, mojawapo ambayo iligonga Mlima Kilimanjaro tarehe 18 Mei 1955 na kuua watu wote 20 waliokuwemo.

Upande wa mashariki wa Simiyu, Serengeti ilitoa funzo la namna nyingine. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael walianza kuhesabu wanyama kutoka angani kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27 iliyopakwa mistari ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa peke yake angani pale tumbusi alipogonga bawa la ndege. Ndege ilianguka, naye akafa. Makadirio yanayotumiwa katika mafunzo ya urubani ni kwamba tangu jicho lione kitu hadi ndege igeuke hupita sekunde 12 hivi: kukiona, kukitambua, kujua kwamba mtagongana, kuamua, kusogeza mkono, kisha kusubiri ndege iitike. Kwa kasi ya kilomita 180 kwa saa, ndege imekwisha kwenda mita 600. Tumbusi aliye umbali huo ni nukta tu, hasa kwa mtu anayetazama nyumbu chini.

Ndege huyohuyo wa mizoga anamzidi binadamu kwa jingine. Tarehe 29 Novemba 1973, juu ya Abidjan, tumbusi wa Rüppell, wa jamii inayozaliana pia katika majabali ya Gol mashariki mwa Serengeti, aligongana na ndege ya abiria katika kimo cha futi 37,000. Himoglobini yake hukamata oksijeni hata pale ilipo kidogo mno. Mtu akiachwa ghafla katika futi 35,000, ambako mgandamizo wa hewa ni chini ya robo ya ule wa pwani, ana sekunde 30 hadi 60 za kufanya jambo la maana. Katika futi 25,000 ana dakika tatu hadi tano. Ubaya wa upungufu huo ni kwamba hauumi: kucha zinakuwa za bluu huku mwenyewe akijisikia mchangamfu na mwenye uhakika. Ndiyo maana rubani hufundishwa kuvaa barakoa ya oksijeni kwanza, maswali baadaye.

Ndege zenye mgandamizo ndani, kama Fokker Friendship za mwanzo wa miaka ya 1960, zilipunguza hatari hiyo kwa kuifanya hewa ya ndani isiwe nyepesi kuliko ya futi 8,000. Uchovu ulibaki. Tarehe 26 Februari 1982 Boeing 737 ya Air Tanzania ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa nyara na kupelekwa Nairobi, Jeddah, Athens na hatimaye Stansted, Uingereza. Rubani msaidizi alijeruhiwa kwa risasi. Kapteni aliyekwenda kazini kwa safari fupi ya ndani alijikuta akivuka mabara chini ya mtutu wa bunduki, na abiria walifika ardhini salama. Saa nyingi bila usingizi zina gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu.

Kazi nyingine inayowajaribu marubani katika mikoa ya nafaka kama Simiyu ni kunyunyizia dawa kwelea kwelea, ndege wala nafaka. Shirika la kudhibiti nzige wa jangwani la Afrika Mashariki, DLCO-EA, lililoundwa mwaka 1962, hutumwa pia dhidi ya ndege hawa. Dawa hupigwa magharibi, wanapokusanyika kulala, nayo ndiyo saa mbaya kwa jicho: mwanga unakwisha haraka, na jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza. Rubani anaruka chini karibu na miti, kisha anageuza kwa kona kali. Ndege ikilala nyuzi 60 bila kupoteza kimo, uzito wa mwili wake unakuwa mara mbili. Fenthioni, dawa inayotumika, hudhoofisha kimeng'enya cha neva, na ikimwingia mtu hubana mboni za macho yake. Vipimo vya damu kwa wanaoishika ni sehemu ya kazi.

Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati huo ya nchi tatu, ilifungua chuo cha urubani Soroti, Uganda, na Waafrika Mashariki wakaanza kufundishana nyumbani. Hata hivyo sikio halikubadilika. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 Boeing 737 ya Kenya Airways ilipaa Douala, Kamerun, ikaanza kulala kulia polepole huku mtambo wa kujiendesha ukiwa haujashika. Marubani hawakutazama vipimo. Onyo lilipolia, ndege ikiwa imelala zaidi ya nyuzi 30, kapteni aliuzungusha usukani kulia tena. Watu 114 walikufa. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kupotewa na mwelekeo katika usiku wa giza, na ushirikiano hafifu ndani ya chumba cha marubani.

Baada ya ajali za namna hiyo, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga liliongeza mafunzo ya kuinusuru ndege iliyolala au kuinuka kupita kiasi. Mwili nao hukaguliwa upya: cheti cha afya cha rubani wa biashara hudumu miezi 12 kwa kawaida, na hufupishwa kwa waliozidi umri fulani. Tangu Novemba 2006 ukomo wa umri katika safari za kimataifa za marubani wawili ni miaka 65, badala ya 60 ya awali.