Somo la Historia: Kadi ya Simu na Lugha ya Mapatano

Leo tutasoma habari za kitu kidogo sana: kadi ya simu, ambayo wengi huiita laini.

Fikirini kwanza soko. Huja Mmakonde, Mmakua na Myao, na kila mmoja ana lugha ya kwao. Kama muuza chumvi angelazimika kujifunza lugha zote, angechoka kabla ya kuuza. Lakini wote hukutana katika Kiswahili, na chumvi hununuliwa. Mashine nazo zilikuwa na shida kama hiyo.

Programu ni maagizo yanayoandikwa ili mashine iyafuate. Zamani programu nyingi ziliandikwa kwa mashine ya namna moja tu. Ukitaka kuitumia katika mashine ya namna nyingine, kazi ilirudiwa. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa Java. Programu ya Java hugeuzwa kuwa maandishi ya kati, yaitwayo baitikodi, na kila mashine huwekewa mfasiri wa kuyasoma. Mwaka 1996 wahandisi wa kampuni ya Schlumberger, huko Texas, walionyesha ya kuwa mfasiri huyo aweza kukaa hata ndani ya kadi.

Lakini mfasiri peke yake hatoshi. Kadi haina kioo wala vitufe. Ikitaka kumwambia mtu neno, lazima iiombe simu. Basi wataalamu wa simu wa Ulaya walipatana juu ya orodha ya maombi: onyesha maneno haya, muulize mwenye simu namba, peleka ujumbe huu. Utaratibu huo waliuita SIM Toolkit. Kisha maombi hayo yaliwekwa katika maktaba moja ya programu, ili kadi za Java za makampuni mbalimbali ziitumie. Tangu hapo mwandishi wa programu hakuhitaji kuuliza simu imetengenezwa na nani.

Maktaba hiyo ni kama dirisha la ghala la korosho. Mkulima huomba kwa karani. Haingii ghalani kujichukulia. Programu nayo huomba dirishani, na hupewa kile kilichoruhusiwa.

Faida ilionekana Kenya. Mwezi wa Oktoba 2005 lilianza jaribio la kutuma fedha kwa simu. Machi 2007 kampuni ya Safaricom iliifungulia umma huduma hiyo, yaani M-PESA. Orodha yake ilikaa ndani ya kadi, kwa utaratibu wa SIM Toolkit. Simu ya bei ndogo ilitosha. Mtu akibadili simu, alihamisha kadi, na orodha ikaja nayo.

Kwetu Tanzania, Vodacom ilianza M-Pesa mwaka 2008 kwa njia nyingine. Orodha hukaa katika mitambo ya kampuni. Mtu hubonyeza *150*00# na maneno huja kwenye kioo. Hapa hakuna haja ya kuweka orodha katika kadi, ila mtandao ukikatika katikati, mazungumzo hukatika. Njia hii nayo yategemea mapatano, kwa kuwa simu za makampuni yote hujua kupeleka namba za namna hiyo.

Kazi hii haikuishia kwenye simu. Mwaka 2019 Mozilla ilitangaza WASI, mapatano ya namna hiyo kwa programu za baitikodi iitwayo WebAssembly, ili programu moja iombe mafaili na saa kwa maneno yale yale katika kompyuta mbalimbali.

Basi, mapatano yamebomoa ukuta baina ya mashine na mashine. Umebaki ukuta baina ya mtu na kioo. Mkulima asiyeweza kusoma orodha humpa mwingine simu yake, na pengine namba yake ya siri. Hapo amempa ufunguo wa sanduku la fedha za korosho za mwaka mzima. Ajuaye kusoma jina la mpokeaji na kiasi cha fedha hulinda jasho lake mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini kadi huiomba simu ionyeshe maneno?
2. Njia ya Kenya ya 2007 na ya Tanzania ya 2008 zilitofautianaje?
3. Kwa nini namba ya siri haipewi mtu mwingine?