Sanamu za Pembe katika Kuba la Kioo

Sanamu ndogo za pembe ya ndovu, zilizosimamishwa juu ya kitako cha mbao na kufunikwa kuba la kioo, zilikuwa pambo la sebule za Uingereza na Ufaransa enzi za Malkia Victoria (1837–1901). Kwa kawaida hutajwa kwa mji wa fundi, hasa Dieppe wa Ufaransa. Zinastahili kutajwa pia katika historia ya Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania.

Malighafi na njia yake

Wachongaji waliipenda pembe ya Afrika Mashariki kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa ni laini na haipasuki upesi. Nyingi ya ile iliyotoka Unyamwezi na Manyema ilishuka kutoka Tabora hadi Bagamoyo kwa kukatiza Ugogo, njia waliyoipita wapelelezi Burton na Speke mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Maji ya nyanda hizi kame yalikuwa ya visima vichache, na visima vilikuwa na wenyewe. Misafara ililipa hongo ya nguo, shanga na waya ndipo iteke. Wasafiri wa Kizungu waliilalamikia hongo kama unyang'anyi mtupu. Kwa jicho la biashara ilikuwa ushuru, na ushuru huo ulikuwa sehemu ya gharama ya kila pembe iliyofika Unguja kwa njia hiyo.

Atakayepinga atasema pembe nyingi ziliishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Ni kweli, lakini mchongaji alinunua katika soko lilelile. Atasema tena kwamba sanamu haina alama ya njia iliyopita. Nalo ni kweli, ila hoja hapa ni ya shehena, si ya kipande kimoja kimoja.

Utengenezaji

Shina la pembe lina uwazi ndani, kwa hiyo umbo nene lilichongwa upande wa ncha, ulioshiba. Vibamba vyembamba vilifaa tanga za merikebu, kazi iliyowapa sifa mafundi wa Dieppe. Baada ya patasi na tupa, sanamu ilisuguliwa kwa chaki iliyoloweshwa maji. Kuba lilikaa katika mfereji wa kitako, na uzi mnene wenye manyoya ukazungushwa ukingoni kuzuia vumbi. Uingereza ilifuta ushuru wa kioo mwaka 1845, makuba yakawa rahisi.

Siku hizi

Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1989. Waigaji wa mtindo huu hutumia resini au mfupa wa ng'ombe, na mifupa hiyo Ugogo inayo tele.