Takwimu za Bwera na Hifadhidata ya Majaribio

Kabla ya mwaka 2011, takwimu za Hospitali ya Bwera, magharibi mwa Uganda, zilisafiri kwa karatasi. Mwezi ulipokwisha, karani wa kumbukumbu alihesabu mistari ya daftari la wagonjwa wa nje, akajaza fomu ya ripoti ya mwezi iitwayo HMIS 105, na fomu ikapelekwa ofisi ya afya ya wilaya, Kasese mjini. Mwaka huo wa 2011 Uganda ilianza kujaribu DHIS2, programu ya takwimu za afya, na kufikia Julai 2012 ilikuwa imefika wilaya zote 112. Madaftari yalibaki vituoni. Jumla zake ziliingizwa kwenye kompyuta, na Wizara ya Afya ikaweza kuzisoma bila kusubiri bahasha.

Asili ya programu hiyo ni Afrika Kusini, ambako DHIS ya kwanza iliundwa miaka ya 1990 juu ya Microsoft Access. DHIS2, inayoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Imeandikwa kwa Java na huhifadhi data katika PostgreSQL, ikisaidiwa na PostGIS kwa mambo ya ramani.

Watengenezaji wake wako nchi nyingi, hivyo kila badiliko la msimbo hupimwa na seva kabla ya kupokelewa. Kwa miaka mingi majaribio yanayogusa hifadhidata yalitumia H2, hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Ni nyepesi na ya haraka, lakini haina PostGIS, wala haishughulikii safu za JSONB kama PostgreSQL. Msimbo ungeweza kufaulu kwenye H2 kisha ukakwama wilayani. Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe, na Juni 2019 Ebola iliyovuka kutoka Kongo ilithibitishwa kwa wagonjwa waliolazwa hapo; katika mji kama huo, hesabu iliyopotoka inaweza kugharimu maisha.

Njia ya kutumia PostgreSQL yenyewe ilifunguliwa na Docker, programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa, iliyotangazwa mwaka 2013, na Testcontainers, maktaba ya Java iliyoanzishwa na Richard North mwaka 2015. DHIS2 iliipokea, na kwa muda majaribio ya H2 na ya PostgreSQL yalikwenda sambamba.

Jaribio linapoanza, Testcontainers huwasha kontena na kuiunganisha na mlango wowote ulio wazi, ili kazi mbili zisigongane. Kisha husoma kumbukumbu za matukio za kontena hadi PostgreSQL iseme mara mbili kwamba iko tayari: mara ya kwanza ni ya maandalizi tu, kwani baada yake hujizima na kuwaka upya. Jaribio linaloharakia tangazo la kwanza hukatiwa mawasiliano katikati. Baada ya hapo Flyway, chombo cha kusimamia muundo wa hifadhidata, hujenga majedwali kwa mpangilio uleule wa seva halisi, na data za kubuni huingizwa. Kazi ikiisha, kontena ndogo iitwayo Ryuk hufuta zilizosalia, hata kama jaribio lilikatika njiani.