Figo ya Bandia na Chimbuko la Uhandisi Tiba

Uhandisi tiba, yaani taaluma inayotumia kanuni za ufundi, fizikia na kemia kutatua matatizo ya mwili wa binadamu, hueleweka upesi zaidi kwa mwanafunzi anayeanza akifuatilia historia ya mashine moja, nayo ni figo ya bandia. Kanuni yake ilijulikana mapema, kwani mwaka 1861 mkemia Thomas Graham wa Uskoti alieleza jinsi utando mwembamba unavyopitisha chembe ndogo zilizoyeyuka na kuzizuia zilizo kubwa, mchujo unaoitwa dialisisi. Kwa miongo kadhaa kilichokosekana ni utando imara wa bei nafuu na dawa salama ya kuzuia damu isigande.

Vyote viwili vilikwisha kupatikana wakati daktari Willem Kolff alipokuwa akihudumu katika mji mdogo wa Kampen, Uholanzi, nchi ikiwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani. Utando ulikuwa selofani ya kufungia soseji. Dawa ilikuwa heparini. Mwaka 1943, akisaidiwa na Hendrik Berk, mwenye kiwanda cha vyombo vya enameli, alizungushia mrija mrefu wa selofani kwenye pipa la mbao lililolazwa, ambalo lilizunguka ndani ya beseni la maji yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, ili yurea, taka inayorundikana katika damu figo zinaposhindwa kazi, ipenye na kuingia majini, huku seli za damu na protini zikibaki mrijani. Ili damu ipite kutoka mrija uliotulia hadi kwenye pipa linalozunguka bila kuvuja, aliiga kiungio cha pampu ya maji ya gari la Ford, na pengine hakuna sehemu ya mashine hiyo inayoidhihirisha taaluma hii vizuri zaidi. Mwanafunzi hapaswi kufichwa kwamba wagonjwa wa mwanzo walifariki karibu wote, hadi Septemba 1945, mwanamke wa miaka 67 aliyekuwa amepoteza fahamu alipozinduka na kupona.

Hata hivyo, mashine iliwafaa tu wale ambao figo zao zingeweza kurudia kazi, kwa sababu kila tiba ilidai mishipa mipya itobolewe, na mishipa ya mtu ina kikomo. Mwaka 1960, mjini Seattle, Marekani, daktari Belding Scribner na mhandisi Wayne Quinton waliunganisha ateri na vena ya mkono kwa mrija wa Teflon, plastiki isiyonata, ambao uliachwa mahali pake baina ya tiba moja na nyingine. Clyde Shields, wa kwanza kuwekewa mrija huo, aliishi miaka 11 zaidi.