Vazi na Ulimi: Mtoro Aliyejigeuza katika Futuhi na katika Historia ya Wagusii

Miongoni mwa visa vya kale vilivyoilisha futuhi ni kile cha mtoro ajigeuzaye sura ili asitambuliwe na wanaomwinda. Senema ilikirithi kisa hiki kutoka jukwaani, na hadi leo hakijachakaa. Makala haya yanakusudia kukichunguza kwa swali moja: mtoro hujificha kwa vazi au kwa ulimi? Swali hili lafaa kuulizwa katika nchi ya Wagusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, kwa sababu huko utoro una historia ndefu, na lugha ya wenyeji, Ekegusii, ni ya Kibantu iliyozungukwa kwa sehemu kubwa na lugha zisizo za Kibantu: Kijaluo, Kikipsigis na Kimaasai.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Kiswahili hutenga mtoro na mkimbizi. Mkimbizi huonewa huruma, mtoro hutafutwa. Katika pwani ya karne ya 19, mtoro alikuwa hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Neno hili, basi, humtazama anayekimbia kwa jicho la yule aliyeachwa. Futuhi hugeuza jicho hilo: humweka mtazamaji upande wa mtoro na kumfanya acheke pamoja naye.

Mwaka 1923 Charlie Chaplin alitoa filamu iitwayo The Pilgrim. Ndani yake mfungwa aliyetoroka gerezani anavaa mavazi ya kasisi, kisha anashukia katika mji ambao waumini wake wanamngoja mchungaji mpya. Akitakiwa kuhubiri, anasimulia kisa cha Daudi na Goliathi kwa mikono, miguu na uso. Filamu hiyo haina sauti, na kwa hiyo vazi linatosha. Hapana lafudhi ya kumsaliti.

Hali ilibadilika filamu ziliposema. Katika Some Like It Hot ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Billy Wilder, wapiga muziki wawili, Joe na Jerry, wanashuhudia mauaji ya majambazi mjini Chicago mwaka 1929. Ili kuokoa maisha yao wanavaa kike, wanajiita Josephine na Daphne, na kujiunga na bendi ya wanawake inayosafiri kwenda Florida. Gauni na wigi ni mwanzo tu wa kazi. Kila wanapofungua kinywa sharti walinde sauti. Zaidi ya hayo, Joe anajigeuza mara ya pili, safari hii awe tajiri wa mafuta, na silaha yake kubwa ni lafudhi ya watu wa tabaka la juu. Mwimbaji Sugar anaiamini lafudhi hiyo kabla ya kuuliza lolote juu ya mali yenyewe. Kinachowatambulisha hatimaye kwa maadui wao ni matundu ya risasi katika zeze kubwa la Jerry: alama ya balaa waliyoikimbia imesafiri pamoja nao.

Mwongozaji wa filamu hiyo aliyajua mambo haya katika maisha yake. Wilder alizaliwa mwaka 1906 katika familia ya Kiyahudi huko Sucha, mji uliokuwa chini ya dola ya Austria na ambao sasa uko Poland. Mwaka 1933, Wanazi walipotwaa madaraka, aliondoka Berlin. Mwaka uliofuata alifika Marekani akijua Kiingereza kidogo tu. Mama yake aliuawa katika mauaji ya Wayahudi. Hapana shaka kicheko cha mtu kama huyu kina kina. Mtoro anayechekesha ni mtu ambaye, kama angetambuliwa, angekufa.

Tukirejea nchi ya Wagusii, masimulizi yao, ambayo William Ochieng' aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1974, yanaeleza safari kutoka upande wa Mlima Elgon, kupitia nyanda za Kano na Kabianga, hadi kwenye vilima wanavyokaa sasa. Ni simulizi la watu waliohamahama kwa vita, maradhi na baridi. Huenda ndiyo maana utamaduni wao uliweka nafasi maalumu kwa mtu aliyeacha kwao. Mtu huyo aliitwa omomenyi, wingi wake abamenyi: mkazi wa ukoo usio wake, aliyepewa ulinzi na mahali pa kulima. Philip Mayer, aliyechapisha utafiti wake juu ya koo za Wagusii mwaka 1949, aliieleza hali hii. Omomenyi hakuwa sawa kabisa na mwenye ukoo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini jambo la kuzingatia ni kwamba hakuhitaji kujigeuza. Wenyeji walijua ametoka wapi, na walimpokea wakijua.

Utawala wa Kiingereza ulikuja na sheria nyingine. Mwezi Januari 1908 Otenyo wa Kitutu, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa serikali G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Serikali haikumtafuta mtu mmoja tu: askari walichoma nyumba, wakateka ng'ombe na kuua watu wengi, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, akalalamikia idadi ya waliouawa. Masimulizi ya Wagusii yanasema Otenyo alikamatwa na kuuawa. Kwa mtoro wa namna hii ukoo wowote ambao ungempa hifadhi ungehatarisha maisha yake wenyewe.

Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kuchukua hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na habari za kazi yake. Aliyeacha kazi kabla ya mwajiri kutia sahihi alikuwa mtoro mbele ya sheria. Tangu hapo mtu akawa yule aliyeandikwa. Omomenyi angeweza kuingia katika ukoo mwingine polepole, kwa vizazi. Hati haikuwa na nafasi ya polepole.

Hata hivyo hati yaweza kufichwa, na vazi laweza kubadilishwa. Ulimi ni shida nyingine. Ekegusii ina irabu saba, na Kiswahili tano. Haina sauti za p, f, v, z wala l. Ndiyo maana pesa zimekuwa chibesa. Aidha, kiambishi eke- hugeuka ege- mbele ya konsonanti isiyo na ghuna, na ndivyo kitabu kilivyopata kuwa egetabu. Msemaji hachagui mambo haya. Ameyanyonya pamoja na maziwa ya mama. Vichekesho vya televisheni vya Kenya, kama Vioja Mahakamani na Vitimbi, vilivyoanza enzi za Sauti ya Kenya, vilitumia sana lafudhi za makabila. Mhusika akitamka sentensi moja, hadhira ilikwisha kujua kwao, na kicheko kilitoka kabla ya kisa.

Kicheko hicho si kosa. Wakenya wamecheka pamoja kwa lafudhi zao, na kila kabila lilipata zamu yake. Lakini uwezo uleule wa kutambua ulionyesha sura nyingine baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika machafuko hayo. Mpaka wa Borabu na Sotik, upande wa Nyamira, ulikuwa miongoni mwa mahali palipoungua. Katika vizuizi vya barabarani sehemu mbalimbali za nchi, abiria walitakiwa kuonyesha vitambulisho na kusema lugha fulani. Mtu aliyefaulu kuficha jina alipaswa bado kufungua kinywa. Lafudhi iliyowachekesha watu sebuleni ikawa ushahidi barabarani.

Hapa ndipo futuhi na historia zinapoachana, na pia ndipo zinapokutana tena. Mwishoni mwa filamu ya Wilder, Jerry anavua wigi mbele ya mzee tajiri aliyetaka kumwoa, na mzee hashtuki, anampokea vilevile. Watazamaji hucheka kwa kuwa jambo hilo haliwezekani. Lakini katika nchi ya Wagusii mila ya omomenyi ilikwisha kuliwezesha, kwa kiasi chake na kwa kasoro zake: mtu alitambuliwa kuwa mgeni, lafudhi yake ikasikika, naye akaonyeshwa pa kujenga. Wanaochunguza lafudhi katika vichekesho vya Afrika Mashariki wana wajibu wa kuuliza, juu ya kila kicheko, kama kinamkaribisha mgeni au kinamwonyesha kwa kidole.